Sahani za Mwezi wa Ndege

Bi Beya aliteremka sokoni kwetu kutoka kwenye teksi ya Tunis saa nne asubuhi, akanunua mbegu za maboga, na kabla hajatafuna hata moja akaanza kuisoma karatasi zilimofungwa. Hapo ndipo Lazhar aliposimama kwenye turubai lake la bidhaa. Kwa kawaida Lazhar hakusimama kabla ya adhuhuri isipokuwa kwa ajili ya polisi.

"Mwaka elfu moja mia tatu sabini na nne," alisoma yule mama kwa sauti, miwani imemshuka hadi ncha ya pua. "Jamani, mnafungia mbegu kwenye nyaraka za kale?"

Muuza mbegu aliitazama karatasi yake. Lilikuwa gazeti la Tripoli la mwaka uliopita, upande mmoja habari za mpira, upande wa pili tangazo la majokofu. Alifungua kinywa aeleze. Lazhar, ambaye alikuwa amekwisha fika, alimkanyaga mguu taratibu na kwa heshima zote, kisha akasema, "Bibi ana jicho. Si kila mtu anaona."

Sisi watu wa Ben Gardane tunaishi nusu saa kutoka mpaka wa Libya, na mambo haya tumeyanyonya na maziwa ya mama. Mlibya ana mwaka wake. Anauhesabu tangu alipofariki Mtume, lakini kwa kulifuata jua, na miezi kaibatiza majina mapya: kuna mwezi wa Maua, mwezi wa Ndege, mwezi wa Maji, mwezi wa Kulima, na wa nane kaupa jina la Hanibal, jemadari aliyekufa bila kujua kwamba ataishia kuandikwa kwenye makopo ya tuna. Sisi Watunisia mwezi huo tunauita Ut. Msyria mwenye duka la vitambaa anauita Ab. Imamu wakati huo alikuwa kwenye Rajabu, na mama zetu hawakuwa na habari na yeyote kati ya hao, kwa sababu wao walikuwa ndani ya Awusu, siku arobaini za joto ambazo hata mbuzi huzijua. Siku moja, majina matano, na katika Soko la Libya, soko letu la bidhaa za mpakani, hakuna anayekosea, maana ukikosea utanunua maziwa yaliyopita muda wake.

Lakini mtu wa Tunis, kule mji mkuu, hayajui haya. Mtu wa Tunis anajua Kifaransa.

Lazhar alimtazama mama huyu kuanzia kofia ya ukili hadi viatu. Mkoba wa ngozi, pete mbili, sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Akauliza, kwa ule upole alioutumia kwa watu wenye mikoba ya ngozi, kama bibi anapenda vitu vya kale.

"Napenda kupita kiasi," alisema Bi Beya. "Hayati mume wangu alikuwa akisema nitamfanya alale barazani ili mitungi ipate nafasi. Unajua mtu mwenye navyo?"

"Mimi sijui," alisema Lazhar. "Marehemu babu yangu ndiye alijua. Lakini hayo ni ya nyumbani, bibi. Hayazungumzwi sokoni."

Akainama kidogo, akarudi kwenye turubai lake. Yule mama akamfuata. Ukiona mteja anakufuata wakati wewe ndiye unayeondoka, alipenda kutuambia Lazhar, ujue kazi imekwisha, kilichobaki ni kupokea.

Hapa inafaa nieleze Lazhar alikuwa akitaka nini duniani, maana hakutaka mengi. Alitaka banda la mzee Khlifa. Miaka saba alikuwa ameuza makopo na mablanketi juu ya turubai, chini ya jua, vumbi la malori likimwingia hadi kwenye fikra. Mbele yake, hatua ishirini, lilisimama banda la mzee Khlifa: paa la zege, mlango wa chuma wa kuviringisha, feni, na mbele yake kituo wanaposhukia Walibya wenye pesa. Kila adhuhuri kivuli cha banda lile kilisogea hadi ukingoni mwa turubai la Lazhar, kikakaribia kumgusa, kisha kikarudi kwa mwenyewe. Mwaka ule mzee Khlifa alitangaza kwamba anahamia kwa binti yake Zarzis na atauza kabla ya Ramadhani. Masharti mawili: fedha taslimu, na mnunuzi awe mwenyeji. Banda la Soko la Libya haliuzwi kwa mgeni. Hilo halikuandikwa popote, na kwa hiyo hakuna aliyewahi kulivunja.

Lazhar mwenyeji alikuwa. Taslimu ndiyo hakuwa nayo.

Alimwambia Bi Beya arudi baada ya wiki mbili, kwa sababu vitu vya babu vilikuwa vimefichwa na kuvitoa kunahitaji subira. Kweli vilihitaji subira, kwani vilikuwa bado havijavuka mpaka.

Jioni ile alimpigia simu Miftah, Mlibya wa kutoka Tripoli aliyekuwa akimletea chai na matairi. "Miftah, ndugu yangu. Zile sahani za shaba ulizonionyesha, bado unazo?"

"Zile za shule ya mafundi? Ninazo dazeni nzima. Wanafunzi walizichonga kwa ajili ya mahafali, zikazidi. Hakuna anayezitaka, zimeandikwa tarehe."

"Tarehe gani vile?"

"Tripoli, mwezi wa Ndege, 1374. Aprili ya mwaka jana. Nikizisugua tarehe itafutika, nikufutie?"

"Ukiifuta nitakuua," alisema Lazhar kwa upendo.

Sahani zilifika zikiwa zimefungwa ndani ya blanketi, zinang'aa hadi zinaudhi. Lazhar alizipakia kwenye Isuzu yake, gari kuukuu lililowalisha yeye na mama yake miaka kumi, akazipeleka kwenye uwanda wa chumvi nje ya mji. Akazipaka siki, akazizika kwenye tope la chumvi, akaweka jiwe. Siku ya kumi na mbili alizifukua. Shaba ilikuwa imeota kijani, kingo zimeliwa, na mbili kati yake zilikuwa zimezeeka kiasi kwamba yeye mwenyewe aliona haya kidogo mbele yake, jinsi mtu anavyoona haya mbele ya wazee.

Mama yake, Mbarka, alimkuta akizipanga juu ya mkeka.

"Hizo nini?"

"Za babu."

"Babu yako alikuwa na punda mmoja na jino moja," alisema Mbarka. "Mimi sitasema uongo kwa mgeni ndani ya nyumba yangu."

"Nani kakwambia useme? Wewe utaleta chai."

Bi Beya alifika na kofia yake, akakalishwa, akaletewa chai nyekundu yenye lozi. Alimuuliza Mbarka kama sahani zilikuwa za ukoo. Mbarka akajibu, "Muulize mwanangu," akatoka kwenda kwa mbuzi wake. Lazhar alieleza kwamba mama yake ni mtu wa huzuni, kila akiziona sahani machozi humlengalenga.

Mama wa Tunis alichukua sahani moja kwa mikono miwili. Akaipeleka kwenye mwanga wa dirisha. Akaisogeza miwani.

"Tripoli," alisoma. "Mwezi wa Ndege. Ndiyo mwezi gani huo?"

"Ah," alisema Lazhar, akashusha pumzi ya msomi. "Bibi, watu wa kale hawakuwa na Aprili. Aprili imeletwa na Wafaransa, pamoja na kodi. Watu wa kale walitazama juu. Wakiona ndege wanarudi kutoka kusini, wanasema huu ndio mwezi wa Ndege. Wakiona maua, mwezi wa Maua."

"Jamani, uzuri ulioje," alisema Bi Beya. "Na huu mwaka? Ni wa hijria au wa miladi?"

Lazhar alisita kidogo sana, kiasi cha mtu kumeza lozi. Ukiuhesabu kwa hijria, mwaka 1374 ni miaka hamsini na kitu nyuma, zama za baba yake akiwa anachunga kondoo, na sahani ya miaka hamsini haimnunulii mtu banda. "Miladi, bibi. Mafundi wa Tripoli walikuwa wakiwauzia Wazungu wa ng'ambo ya bahari. Mzungu hanunui kitu chenye hijria, hajui kukihesabu."

"Una elimu wewe."

"Nimeokota tu, bibi."

Bei aliyotaja ilikuwa nusu ya bei ya banda la mzee Khlifa. Alikuwa amejiandaa kushuka hadi robo, na alikuwa na hotuba nzima kuhusu babu tayari kooni. Bi Beya hakupunguza hata dinari moja. Aliomba jambo dogo tu.

"Mimi na tarehe hatupatani, mwanangu. Nikifika Tunis watanichanganya, huyu atasema hijria, yule atasema sijui nini. Niandikie karatasi. Andika mwaka, andika ni miladi, kisha andika kwa maneno ni miaka mingapi mpaka leo. Tuweke sahihi manispaa kama watu wazima, nikifa wanangu wajue wanarithi nini."

Hilo lilimpendeza sana Lazhar. Karani wetu wa manispaa hasomi karatasi, wala sheria haimtaki asome. Anataka kitambulisho, anataka uweke sahihi mbele ya macho yake, anabandika stempu, anagonga muhuri. Ukimpelekea karatasi inayosema umemuua mjomba wako, atauliza tu kama sahihi ni yako. Hata hivyo karatasi ikitoka pale imekuwa ya serikali, na mteja mwenye karatasi ya serikali harudi kusumbua.

Basi Lazhar aliandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa hati nzuri aliyofundishwa na fimbo za mwalimu wake, kwamba yeye Lazhar bin Amor amemuuzia Bi Beya fulani sahani kumi na mbili za shaba, kazi ya Tripoli ya mwaka 1374 wa miladi, zenye umri wa miaka mia sita thelathini na tatu, na kwamba anathibitisha umri huo. Neno "anathibitisha" hakuombwa. Aliliongeza mwenyewe kwa raha.

Dirishani karani aliuliza, "Leo tarehe ngapi?"

"Tisa Ut," alisema Lazhar.

"Tisa Ut," alirudia Bi Beya, kama mtu anayejifunza.

Muhuri ukagongwa.

Siku mbili baadaye Lazhar aliiuza Isuzu. Nusu ya banda ilikuwa mfukoni, nusu ilikuwa na magurudumu manne, na mzee Khlifa alikuwa haongei kuhusu nusu. Mnunuzi alipoliwasha gari na kuondoka nalo, Lazhar aligeuka akatazama ukuta hadi mlio ulipopotea. Nasema hivi kwa kuwa nilikuwepo: mtu yule alilipenda gari lile. Kisha akavuta pumzi, akaenda dirishani kwa karani pamoja na mzee Khlifa, wakaweka sahihi, na saa sita kasoro siku ileile alikuwa amekaa kwenye kiti ndani ya banda, feni inampepea shingo, anatazama turubai lake kule juani likiwa tupu. Alituagizia chai sote. Alisimulia habari ya bibi wa Tunis mara tatu, na kila mara miaka ya sahani iliongezeka. Tulicheka mpaka muuza mbegu akasahau mguu wake.

Siku ya tatu ya ubwana wake, Bi Beya alikuja. Hakuwa na kofia. Nyuma yake mpagazi alibeba sanduku, akalitua, akalipwa, akaenda.

"Hongera kwa banda," alisema. "Limekupendeza."

Lazhar aliruka kumpisha kiti. "Karibu, karibu bibi. Umekuja kwa nyingine? Babu alikuwa na birika pia."

"Nimekuja kuzirudisha hizi." Alikaa, akajipepea kwa bahasha. "Mimi sikusanyi vitu vya kale, mwanangu. Vinajaa vumbi."

"Bibi, biashara ikishapigwa muhuri..."

"Najua. Ndiyo maana nilitaka muhuri." Alitabasamu, na Lazhar akaona kwa mara ya kwanza kwamba yale macho nyuma ya miwani yalikuwa yanaona vizuri sana. "Nilifundisha hesabu Misrata miaka tisa. Mjukuu wangu kazaliwa kulekule, mwezi wa Ndege, mwaka 1368. Tulipomleta kuandikishwa shule Tunis, karani alimtazama yule mtoto, akakitazama cheti, akamwambia binti yangu kwamba mtoto wa miaka mia sita amechelewa kuanza darasa la kwanza. Kwa hiyo miaka ya Kilibya naifahamu kidogo."

Lazhar alicheka, maana alidhani inampasa. Kicheko hakikupata msaada kikafa.

"Na lile gazeti la mbegu," aliendelea Bi Beya, "lilikuwa na tangazo la majokofu. Ulitaka niamini watu wa kale walikuwa na majokofu? Nilipokuona umemkanyaga yule bwana mguu, nikasema, alhamdulillahi, nimempata mtu wangu."

"Unataka pesa yako," alisema Lazhar polepole. "Sina. Iko kwenye zege hili."

"Sitaki pesa. Pesa ile ni yako." Alitoa karatasi kwenye bahasha, akaikunjua juu ya goti, muhuri ukionekana. "Nataka uchague mwaka. Mimi si mtu mgumu. Ukisema sahani ni za mwaka uliouandika hapa, basi umeuza mali ya kale ya taifa, miaka mia sita thelathini na tatu, bila kibali. Sheria ya mambo ya kale unaijua? Ina kifungo. Ukisema ni za mwaka jana, basi umemtapeli mjane kwa maandishi. Hiyo nayo ina kifungo, ila kifupi kidogo. Nimekuandalia barua mbili, moja kwa kila mwaka. Sijatia posta."

Kwa kumtendea haki Lazhar, niseme hakulia papo hapo. Alikuwa mtu wa kazi yake, na mtu wa kazi yake huangalia madirisha kabla ya mlango. Alikaa kwenye kreti la soda akafikiri, na jasho likamtoka chini ya feni yake mwenyewe.

"Hijria," alisema ghafla. "Mwaka ule ni wa hijria. Miaka hamsini tu. Si mali ya kale, wala si ya mwaka jana. Ni sahani kuukuu tu za mtu, na kuuza sahani kuukuu si kosa."

Bi Beya alimtazama kwa heshima ya kweli. "Hiyo nzuri. Ningekuwa na mwanafunzi mmoja kama wewe Misrata nisingestaafu." Akagusa karatasi kwa kidole. "Soma hapa."

Lazhar alisoma. Ilikuwa hati nzuri sana, kila herufi imekaa mahali pake. Miladi. Miaka mia sita thelathini na tatu. Anathibitisha.

"Lakini wewe ndiye ulinunua," alisema. "Aliyenunua mali ya kale naye anafungwa."

"Kwa mwaka wa kwanza mimi ni raia mwema aliyenunua ili kuiokoa mali ya taifa, na barua yangu kwa makumbusho ina tarehe ya siku ileile. Kwa mwaka wa pili mimi ni mjane aliyetapeliwa. Nimejipima kwenye miaka yote miwili, mwanangu. Yote inanikaa."

Hapo ndipo Lazhar alipolia kidogo. Alisema ana mama.

"Nimemwona. Mwanamke mzuri. Hakusema hata neno moja la uongo, nami sitamgusa hata mbuzi mmoja."

"Basi unataka nini?"

Bi Beya alitazama juu, kwenye paa la zege. Akatazama mlango wa kuviringisha, feni, na basi la Walibya lililokuwa likiegesha mbele. Lazhar alifuata macho yake kuanzia kimoja hadi kingine, na alipofika kwenye basi alikuwa ameelewa.

"Nilimwendea mzee Khlifa nyumbani kwake mwezi wa Juni na fedha mkononi," alisema yule mama. "Akaniambia haliuzwi kwa mgeni, tena kwa adabu sana. Nikatuma mtu aulize sokoni ni mwenyeji gani analitaka zaidi. Watu wote walitaja jina moja."

"Hili haliwezekani. Watu hawa watanichinja. Watasema nimeuza soko kwa Tunis."

"Utawaambia umeniuzia kwa hiari yako. Wewe una maneno."

"Na ile nusu nyingine? Gari langu je? Isuzu yangu imo humu ndani."

"Hayo ni mapatano yako na mzee Khlifa, mimi sikuwepo. Upande wangu nililipa kila ulichotaja. Nilikupunguzia hata dinari?"

Hakupunguza. Lazhar alikumbuka jinsi alivyofurahi kwamba hakupunguza, na kumbukumbu ile ndiyo iliyomuuma kuliko mengine yote.

Dirishani karani alikitazama kitambulisho cha Lazhar kwa mara ya tatu ndani ya wiki moja, akasema, "Biashara yako imechangamka." Hakusoma kwamba banda linahamia kwa Bi Beya. Akauliza, "Sahihi ni yako?" Lazhar akasema, "Ni yangu." Karatasi ya kwanza, ile ya miaka mia sita, Bi Beya alibaki nayo, na walipokuwa wakishuka ngazi alimwambia kwa sauti ya mwalimu anayefunga kipindi: "Siku nitakayosikia umemwambia mtu yeyote sokoni kwamba sahani hizi ni za kale, natia posta. Nitakuwa nimekaa hatua ishirini, nasikia vizuri."

Yaliyompata Lazhar kutoka kwetu sitayaeleza yote. Muuza mbegu hakumsemesha wiki nzima, mzee Khlifa alituma salamu mbaya kutoka Zarzis, na mimi mwenyewe nilimrudishia bei ya chai aliyoniagizia. Bi Beya, kwa upande wake, alijaza banda shuka za maharusi na taulo, akawauzia Walibya kwa bei zilizobandikwa ukutani, akiwaandikia risiti zenye tarehe ya Ut na ya Hanibal pamoja. Walimpenda. Lazhar alitandika turubai lake upya palepale, na kwa kuwa hakuwa na gari la kuletea bidhaa, alipanga alichokuwa nacho: makopo saba ya tuna na sahani kumi na mbili za kijani.

Siku ya tano juu ya turubai lile alipita bwana mmoja wa Sfax. Tulimjua ni wa Sfax kabla hajafungua kinywa, kwa sababu alikuwa amekuja na maji yake ya kunywa kutoka nyumbani ili asinunue ya mtu. Alizipita sahani, akasimama, akarudi nyuma hatua mbili, akachuchumaa. Midomo yake ikatembea kimyakimya. Tripoli. Mwezi wa Ndege. Moja, tatu, saba, nne. Rangi ikambadilika.

"Hizi," alisema, na akajitahidi sauti yake iwe ya mtu anayeuliza habari za vitunguu, "umezipata wapi?"

Lazhar alifungua kinywa. Sote tuliiona hotuba ikimpanda: babu, tope, ndege kutoka kusini. Kule bandani Bi Beya alichukua bahasha fulani, akajipepea.

"Ni mpya," alisema Lazhar. Sauti ilimtoka kama mtu anayeng'olewa jino. "Za mwaka jana. Wanafunzi wa Tripoli wamezichonga. Huo ni mwaka wa Kilibya, na mwezi wa Ndege ndiyo Aprili."

"Za mwaka jana," alirudia bwana wa Sfax.

"Wallahi. Nimezizika mwenyewe kwenye chumvi ndiyo zikawa hivi."

Yule bwana alimtazama, na usoni pake ikaja huruma nzito, ile ambayo mtu anampa mwendawazimu aliyekalia hazina. Akamuuliza bei. Lazhar akataja bei ya sahani za shaba zilizoharibika. Bwana wa Sfax alilipa bila kupunguza, akazifunga kwenye koti lake akaondoka upesi, karibu anakimbia, na alipopita mbele yetu tulimsikia akijisemea, "Maskini, hajui hata kusoma mwaka."

Sote tulimgeukia Lazhar. Alikuwa amekaa juani, noti chache mkononi, akimtazama yule mtu akipotelea kwenye kona akiwa na furaha ya tapeli aliyefaulu, furaha ambayo Lazhar aliijua kila hatua yake.